Wimbo wa Mwavuli na Aliyeuimba

Mimi ndiye Tatu, yule mnayemwita Mama Spika, na sasa nimestaafu. Nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa kupanda na kushuka mashua, na mkono wangu wa kulia haunyanyui tena betri ya gari. Masikio hayajastaafu. Juzi mlipokuja nyumbani, wanangu, kuniuliza mnunue spika za aina gani ili muanze kupiga muziki kwenye harusi za kina mama, niliwajibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa na tui jikoni linataka kukatika. Mlipoondoka nikaona nimejibu swali dogo. Kubwa hamkuliuliza, nalo ni hili: mtafanyaje siku mtakapoupenda wimbo kuliko kazi yenyewe? Mimi yalinikuta. Kaeni niwasimulie.

Kazi hii niliipatia dukani kwa Bwana Akbar, hapahapa Kilindoni, kisiwani kwetu. Nilikuwa msichana wa kuuza kanga na taa za chemli. Bwana Akbar alikuwa pia na spika mbili kubwa na amplifaya, akizikodisha kwa wenye harusi. Wakati huo mpiga muziki alikuwa mwanamume, na hakuna aliyefikiria vingine. Lakini shughuli ya wanawake ni ya wanawake, mwanamume hapiti. Kwa hiyo mpiga muziki alikaa nje ya ua wa makuti, waya umepenyezwa chini, yeye haoni kitu, anangoja kupigiwa kelele: weka, toa, ongeza, punguza.

Siku moja, kwenye harusi ya jirani yetu, bi harusi alikuwa analetwa ukumbini. Amefunikwa, somo yake aliyemfunda kamshika mkono, bibi yake yuko mbele na chetezo cha udi. Wote tumenyamaza tukingoja wimbo wa taratibu. Mtu akapiga kelele, "Weka!" Yule bwana wa nje akaweka chakacha, tena ile ya kukata kiuno bila huruma. Bibi akasimama na chetezo chake, hajui aendelee au arudi. Chini ya shela bi harusi akaanza kutikisika mabega kwa kicheko, na shangazi zake wakadhani analia, wakaanza kumbembeleza.

Mke wa Bwana Akbar, Bi Nargis, alikuwa mgeni pale. Akanigeukia.

"Tatu, wewe unajua kuibonyeza ile mashine?"

"Ya dukani naijua."

"Ndiyo hiyohiyo. Ilete ndani."

Nikaileta ndani, na toka siku ile sikutoka tena.

Bi Nargis hakunifundisha kwa kunikalisha chini. Alinifundisha kwa kunigombeza. Spika usizielekeze kwenye maikrofoni, zitapiga mluzi mpaka watoto walie. Mashine usiiweke mchangani, pindua kinu uiweke juu yake. Chumvi ya bahari inakula kila kitu, kwa hiyo ukimaliza funika kwa kanga, lakini si wakati imewashwa, utaiunguza. Kichwa cha redio kaseti kisugue kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Mkanda ukilegea, ingiza penseli uuzungushe polepole, na usizungumze na mtu wakati unafanya hivyo. Nyinyi sasa hamna mkanda wala penseli, lakini mluzi mnao, na chumvi bado ipo.

Aliniambia pia, "Usiwatazame nyuso. Mtu akija harusini amevaa uso wa harusi. Tazama miguu." Nikatazama miguu maisha yangu yote. Mama anaweza kukaa kwenye mkeka amekunja uso kama amefiwa, na kidole gumba cha mguu kinacheza peke yake. Huyo ndiye unayempigia.

Na akaniambia nisikilize kaseti mpaka mwisho, pande zote mbili, kabla sijawapigia watu. Hilo nililidharau mara moja tu. Nilikuwa na kaseti ya kuazima, sikuipitia. Tumefika pale bi harusi anapofunuliwa uso, mama mkwe yuko mbele anatabasamu, wimbo ukakatika katikati na sauti ya mwanamume ikatoka kwenye spika zote mbili: "Huyu mgonjwa huyu, mtazame macho." Kumbe mwenye kaseti aliwahi kubonyeza kitufe cha kurekodi akiwa mnadani ananunua mbuzi. Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa mama mkwe. Mpaka leo tukikutana sokoni ananijibu salamu nusu.

Sasa nije kwenye wimbo.

Bi Nargis alitangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Miaka michache baadaye Bwana Akbar akafunga duka ili aende Dar es Salaam kwa watoto wake. Spika na amplifaya akaniachia, pamoja na sanduku la kaseti.

"Chukua zote, Tatu," akasema. "Huko ninakokwenda nitakaa chumba cha mjukuu. Hakuna pa kuzipigia."

Nikazipitia moja baada ya nyingine, huku nasuka ukili wa mkeka. Nyingi zilikuwa nyimbo za filamu za Kihindi ambazo Bi Nargis alikuwa akizipenda. Moja haikuwa na maandishi yoyote. Upande wa kwanza ulikuwa umeharibika. Nikageuza wa pili. Ikaanza fidla, ikafuata kodiani, ngoma ya dumbaki ikaingia chini yake, halafu mwanamke akaimba.

Haikuwa sauti tamu. Niseme ukweli, ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi na bado hajanywa maji. Na ilikuwa inachelewa. Fidla inamwita, yeye haji, haji, halafu anakuja, kama alikuwa kwanza anajiuliza iwapo anachotaka kukisema ni kweli. Wimbo wenyewe ni wa mwanamke aliyemwazima mtu mwavuli wake, mtu akasafiri nao. Anasema mwavuli hautaki tena, anataka tu kusikia kwamba unatumika huko ulikokwenda. Halafu anasema mvua haimdhuru. Na hapo, wanangu, anasita, muziki unapita peke yake kidogo, halafu anarudia maneno yaleyale, chini kuliko mwanzo: mvua haimdhuru. Mara ya kwanza unamwamini. Mara ya pili unajua kwamba amelowa mpaka mifupani.

Niliuweka ukili chini. Nikarudisha mkanda, nikasikiliza tena pale. Nikarudisha tena. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa hai, akaingia kuuliza kama kuna chakula, akakuta hakuna.

Nikaanza kuupiga harusini, ule wakati watu wameshakula, wamechoka kucheza, wanaegemea ukuta. Mara ya kwanza waliunyamazia. Mara ya pili wakauliza ni wa nani. Baada ya hapo, nikichelewa kuuweka, wanaudai: "Mama Spika, mwavuli." Nilikuwa sijui ni wa nani. Mmoja aliniambia huyo ni wa Tanga. Mwingine akaapa ni Unguja. Nikampigia simu Bwana Akbar huko Dar, lakini umri ulikuwa umeshamchukua, akadhani nauliza habari za taa za chemli, akanieleza vizuri sana namna ya kubadilisha utambi. Nikamshukuru. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Msidhani nilikuwa mwaminifu kwa sauti ile moja. Nilikuwa mtu wa kupenda ovyo. Kuna mpiga gitaa wa bendi moja ya dansi ambaye redioni hawakuwahi kumtaja jina, na kila akiingia na gitaa lake nilikuwa naacha mwiko ndani ya sufuria. Kulikuwa na bibi wa taarabu aliyekuwa anaimba mafumbo makali, nikawa na kaseti zake zote, halafu nikamchoka, halafu baada ya miaka nikamsikia dirishani kwa watu nikarudi nyumbani mbio kuzitafuta. Raha ya kumrudia mwimbaji uliyemwacha haifanani na raha ya kumpata mpya. Mpya anakushangaza. Wa zamani anakukuta ulivyobadilika. Maneno niliyoyacheka nikiwa msichana yalikuja kuniliza nilipokuwa mjane, na yeye alikuwa hajabadilisha hata herufi.

Kaseti zikafa, zikaja sidii, zikafa, zikaja fleshi na simu. Kaseti zangu nilizifungia ndani ya bati pamoja na mchele mkavu ili zisiingie unyevu, na ule wimbo wa mwavuli ukalala humo. Watu wapya hawakuudai. Wale wa zamani waliuimba wenyewe wakifua.

Aliyeutoa ni mpangaji wangu, Mwalimu Neema. Neema ametoka bara, kwao Iringa, anafundisha hapa Kilindoni na Jumapili anaimba kwaya kanisani. Ndiye aliyenifundisha kumpenda yule kijana wa bongo fleva anayeimba kama mtu aliyeibiwa simu. Nilimpinga wiki nzima, kisha nikaanza kumwomba anipigie tena. Sasa siku hiyo nilikuwa natafuta mchele, nikaikuta ile kaseti, nikamsimulia. Akaenda kuazima redio kaseti kwa mwalimu mwenzake, akaleta waya, akauhamisha wimbo kwenye simu yangu. Tulisikiliza tumekaa kizingitini. Ulipofika pale anaporudia, Neema akaacha kumenya muhogo.

"Mama," akasema, "huyu ni nani?"

"Sijui."

"Umempenda miaka yote hiyo na hujui ni nani?"

Nikakasirika kidogo. Lakini alikuwa amesema kweli. Nikaanza tena kuupiga harusini, na kila harusi nikawa nauliza. Kila aliyeutaka nikamrushia kwenye simu yake, nikiamini wimbo utamtafuta mwenye sauti vizuri kuliko mimi nitakavyoweza.

Ikaja harusi ya Juani. Huko ni kisiwa kidogo, kama mnavyojua, ni mashua kutoka Utende, na siku hiyo tulifika maji yamekupwa, tukashukia mbali, spika zikapita vichwani mwa akina mama kwenye matope. Nikafunga vyombo vyangu. Nina desturi moja ambayo nawaachia: spika moja ndogo lazima ielekee jikoni. Wapishi wanasahauliwa siku zote, na wao ndio wanaosikiliza kuliko wote kwa sababu mikono ina kazi na miguu haiwezi kucheza.

Watu wakala, wakaegemea. Nikauweka mwavuli. Nikatoka kwenda jikoni kuomba maji ya kunywa. Mpishi mkuu alikuwa bibi mmoja mwembamba, kajifunga kanga mbili, ameshika mwiko mrefu, anakomba sufuria kubwa. Alikuwa anasikiliza. Wimbo ukafika pale, sauti ikarudia, na yule bibi akatikisa kichwa, akamwambia mwenzake aliyekuwa anaosha sinia:

"Hapo nilikosea."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba."

"Umekosea nini? Chumvi?"

"Chumvi iko sawasawa," akajibu, kama vile nimemtukana. "Nasema huo wimbo. Hapo palikuwa na maneno mengine. Yakanipotea, nikarudia ya kwanza."

Nilisimama na kikombe kitupu mkononi. Mwisho nikamuuliza jina. Akaniambia anaitwa Fatuma binti Makame. Nikamwambia mimi ni Tatu, na kwamba sauti yake ninayo nyumbani kwangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Akanitazama, akaniambia nikae, nisizuie mwanga.

Alinisimulia huku anakomba lile sufuria. Alikuwa msichana, amekuja Kilindoni kukaa kwa shangazi yake. Jirani palikuwa na kikundi cha vijana wapiga taarabu. Bwana Akbar, kijana naye, alikuwa amepata mashine ya kurekodi, akawaita kwenye stoo ya duka ili awajaribie. Mwimbaji wao akawa mgonjwa siku hiyo. Mpiga fidla alikuwa amemsikia Fatuma akiimba akitwanga, akaenda kumwomba kwa shangazi yake. Alifundishwa wimbo asubuhi, mchana akauimba.

"Nilikuwa na hofu hata miguu siisikii," akasema. "Kila nikitaka kuanza najiuliza, maneno ndiyo haya? Ndiyo maana nachelewa. Halafu pale yakanipotea kabisa. Mpiga fidla akanikazia macho. Nikarudia nilichokuwa nacho. Tulipomaliza kiongozi wao akasema si kitu, wataufuta, watarekodi upya mwimbaji wao akipona."

"Hawakufuta."

"Naona hawakufuta."

Kumbe haikuishia hapo. Vijana wa kikundi walilifanya lile kosa dhihaka. Akipita kwenda kisimani wanamwimbia: mvua hainidhuru, mvua hainidhuru, mvua hainidhuru, mpaka apotee. Akamwomba shangazi yake amrudishe Juani. Akaolewa, akalima, akapika harusi za watu, akazaa, akawazika wengine. Kuimba mbele ya watu hakuimba tena.

Nikamwambia jinsi ninavyopapenda pale anaporudia. Nilimweleza yote, nilikuwa kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauweka mwiko juu ya kifuniko.

"Tatu," akasema, "ule wimbo ufute."

"Bi Fatuma."

"Nilikosea, nikachekwa, nikaondoka. Sasa niko kwetu nimetulia, na nyinyi mmeuleta mpaka jikoni kwangu. Ufute."

Nikamwambia kwamba hata nikifuta wangu, nimekwisha kuwarushia watu wengi.

"Basi wafute wote," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Nilirudi Kilindoni nimenuna kama niliyenyang'anywa kitu. Neema aliniuliza kuna nini, nikamwambia.

"Mama, sauti ni yake," akasema.

"Najua ni yake."

"Basi?"

"Basi usinisemeshe."

Nililichukua lile bati la mchele, nikaitoa kaseti, nikaitazama. Kufuta ni kidole kimoja, na kwenye simu ni hivyohivyo. Sikuweza. Lakini kuupiga niliacha. Harusi iliyofuata watu wakadai mwavuli, nikasema umeharibika. Iliyofuata wakaniletea simu zao wenyewe, nikasema waya umekatika. Mama mmoja akaniambia, "Mama Spika, siku hizi una nini?" Nikaendelea kukunja waya. Niliona kama namfungia mtu ndani.

Nikapanda mashua nikarudi Juani. Nilimkuta Bi Fatuma anaanika mpunga.

"Nimeacha kuupiga," nikamwambia. "Kuufuta sijafuta. Kabla sijafuta nataka ufike mahali pamoja uone kitu. Ukishaona, ukisema nifute, nafuta mbele yako, na kaseti naichoma."

"Wapi?"

"Kiegeani. Kuna harusi."

Akapindua mpunga kwa mguu, taratibu, mstari baada ya mstari.

"Nani anapika?"

Nikamtajia.

"Huyo," akasema. "Nitakuja. Nataka nione kama pilau anaiweza."

Siku ya harusi alikuja amevaa baibui jipya. Neema ndiye aliyempokea Utende kwa gari la kukodi. Sikumwambia mtu yeyote yeye ni nani. Watu walipokwisha kula, nilimfuata alipokaa, karibu na mlango, mgongo ukutani.

"Niupige? Ukisema hapana, sipigi."

Akageuka kuutazama mlango. Kisha akasema, "Piga. Mimi niko karibu na mlango."

Nikaupiga. Fidla ilipoanza, wakapiga vigelegele kwa furaha ya kurudishiwa wimbo wao. Wakaimba pamoja na spika, wazee kwa vijana, mmoja ananyonyesha, mwingine anafunga mabaki ya pilau kwenye mfuko. Wote walikuwa wanachelewa palepale anapochelewa yeye. Walipofika kwenye mvua haimdhuru, walisita. Ukumbi mzima ulinyamaza muziki upite. Halafu wakarudia, chini, karibu na kunong'ona, na wengine wameweka mkono kifuani. Mama mmoja mnene, mjane kama mimi, alikuwa amefumba macho. Kwao wimbo ulitungwa hivyo. Hakuna aliyejua kwamba pale palikuwa na kosa.

Sikumtazama Bi Fatuma usoni. Nilimtazama miguu. Ilikuwa imetulia tuli, vidole vimejikunja kama vya mtu anayevuka mahali penye utelezi.

Wimbo ulipokwisha aliinuka akatoka. Nilimwachia Neema mashine nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya jikoni, ameshika kipande cha ukoko, anakitafuna.

"Bizari imezidi," akasema.

"Ndiyo."

"Nani aliwafundisha kuimba vile?"

"Wewe."

"Mimi sikufundisha mtu. Wamekosea wote."

Akamaliza ule ukoko, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Wale vijana nao walikuwa wanarudia," akasema. "Maneno yaleyale. Lakini si hivi." Akageukia ukumbini. "Si hivi kabisa."

Nilingoja aniambie nifute au nisifute. Hakuniambia. Maji yalikuwa yameshakupwa, mashua ya kumrudisha haikuwepo, kwa hiyo alilala kwangu Kilindoni. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimeahidi na nilikuwa tayari, ingawa ahadi yenyewe ilikuwa inaniuma.

Asubuhi tulikuwa kibarazani, yeye anachagua mchele, mimi nachemsha chai. Alikuwa amekataa kukaa bure nyumbani kwa mtu. Ghafla akauliza kama simu yangu ina nafasi.

"Ya nini, bi mkubwa?"

"Ya wimbo mmoja."

Nilimwita Neema. Neema akaja na simu. Bi Fatuma akainua mkono.

"Ngoja. Kwanza ninywe maji."

Akanywa. Akamtuma Neema akamwambie jirani azime pikipiki yake. Akavuta ungo wa mchele karibu, akaanza kuupiga kwa vidole polepole kutafuta mwendo, akauweka kando, akaona hauhitaji. Kisha akaimba.

Sauti ilikuwa imezeeka. Ule mkwaruzo umekuwa ndio sauti yote, na pale pa juu hakupafikia, alipapitia chini. Lakini hakuchelewa hata mahali pamoja. Alikuwa anajua anachosema. Mimi nilikuwa nimekaa nangoja pale pangu, tena kwa woga. Akasema mvua haimdhuru. Na mara akasema maneno ambayo yalimpotea siku ile: anayo kanga yake, atajifunika.

Maneno madogo kiasi hicho. Nilikuwa nimejiandaa kuyachukia. Lakini alivyoyasema, mwanamke yule hakuwa tena amelowa. Alikuwa amejifunika, anatembea zake, mvua inanyesha, mwavuli uko kwa aliyesafiri nao huko uliko, na yeye anafika nyumbani. Nilimsikiliza kama mtu ambaye sijawahi kumsikia, na nikaona nimeanza kumpenda upya, tangu mwanzo kabisa.

Alipomaliza, Neema alisahau kuzima, kwa hiyo hata kimya chetu kimo, na kuku wa jirani, na mimi nikipenga kamasi. Yote hayo mtayasikia nikiwarushia.

"Sasa," nikamwambia, "ile ya zamani niifute?"

Alikuwa ameshaurudia ungo wake. Alitoa jiwe, akalitupa uani.

"Ya nini kufuta? Sasa wanazo mbili," akasema. "Wachague."